Ukienda Kumwona Mwigizaji Uliyempenda, Dakika Yako Itayarishe Nyumbani

Nunua tiketi ya Ijumaa. Hilo ndilo la kwanza ninalomwambia kila anayeniuliza kuhusu makongamano ya mashabiki wa tamthilia za anga huku Marekani. Jumamosi watu hujazana mpaka lifti za hoteli hazipandiki, na Jumapili wageni wengi wana haraka ya kuwahi ndege. Ijumaa mchana utamkuta mwigizaji mezani pake, anapouza saini, hajachoka, foleni fupi, na msaidizi wake bado ana subira ya kukusikiliza.

Naulizwa sana kwa sababu sebuleni kwangu, hapa Maryland, kuna picha ya mwigizaji Nichelle Nichols yenye saini yake. Kila Mtanzania anayeingia huitazama. Vijana wanamjua juu juu: Luteni Uhura wa Star Trek, yule wa gauni jekundu na kifaa cha rangi ya fedha sikioni, ambaye jina lake la kwenye tamthilia lilichotwa kwetu, kwenye uhuru. Watu wa rika langu huwa na swali jingine, na hulitoa kwa sauti ya chini kidogo: yaani wewe ulitoa dola kumlipa mtu aandike jina lake?

Nilitoa, tena kwa moyo mweupe. Bei hutofautiana na umaarufu wa mtu: wapo wa dola 40, wapo wa 80, na wapo wanaovuka 100 bila wasiwasi. Ukijua fedha hiyo inakwenda wapi, hutaona uchungu sana.

Star Trek ilianza kurushwa na televisheni ya NBC Septemba 1966 na ikafutwa 1969, baada ya vipindi 79. Umaarufu wake mkubwa ulikuja baadaye, miaka ya 1970, vituo vya mikoani vilipokuwa vikiirudia kila siku. Lakini mikataba ya enzi hizo iliwalipa waigizaji kwa marudio machache ya kwanza tu. Baada ya hapo kipindi kinaonyeshwa, matangazo ya biashara yanaingiza fedha, sura yako iko kwenye kioo cha kila nyumba, na wewe hupati hata senti. Juu ya hilo, watayarishaji wa kazi nyingine wakikutazama wanamwona yule yule Luteni, kwa hiyo hata nafasi mpya zinakuwa za kutafuta kwa tochi.

Waliowafungulia mlango ni mashabiki wenyewe. Januari 1972 kikundi cha mashabiki kiliandaa mkutano katika hoteli ya Statler Hilton, New York, kikitegemea watu mia kadhaa. Walifika zaidi ya 3000. Kuanzia hapo makongamano yakaenea, na kwa waigizaji wale meza ya saini ikawa chanzo halali cha riziki. Kwa hiyo ukiisogelea meza hiyo, jua umeingia kazini kwa mtu.

Utaratibu wa malipo nao ni vizuri kuujua. Mgeni mkubwa huahidiwa na waandaaji kiwango cha chini cha fedha kwa wikendi nzima. Mauzo ya saini yasipofika hapo, waandaaji wanajazia. Yakizidi, kinachozidi ni chake. Ndiyo maana foleni ina mtu wa kuisukuma. Yule kijana anayesema "tusogee, tusogee" hana chuki na wewe, anahesabu.

Sasa, picha au saini? Wengi hukimbilia picha ya pamoja kwa sababu inapendeza mtandaoni. Mimi nasema saini. Picha unailipia mapema, unapewa muda wako, mnapangwa kwenye korido mkisukumana kama abiria wa daladala Kariakoo saa kumi na mbili jioni, halafu unaingia chumba chenye pazia. Unasimama, mwanga unakupiga machoni, unatoka upande wa pili. Kumsalimia tu ni bahati. Mezani, angalau kuna kiti, kuna kalamu, na kuna ule muda wa yeye kuandika ambao hakuna anayeweza kukunyang'anya. Hapo ndipo dakika yako ilipo.

Na dakika hiyo watu huipoteza vibaya mno. Siku yangu ya kumwona Nichols, Las Vegas, mbele yangu alikuwepo jamaa amevaa shati la dhahabu la ukapteni, limepigwa pasi hadi mikono inakata. Alipofika mezani akauliza kuhusu kitufe: katika kipindi fulani, mitambo ikiwa imezimika, ni kitufe kipi hasa Uhura alikibonyeza kurudisha mawasiliano? Kwa Nichols ilikuwa zamu ya kazi tu, kabla yule jamaa hajazaliwa. Vitufe vile vilikuwa plastiki na taa. Alipewa tabasamu la heshima, saini ikakauka, akasogezwa. Aliondoka na picha nzuri na uso wa mtu aliyefeli mtihani alioutunga mwenyewe.

Ushauri wangu: usimwulize mwigizaji kuhusu kitu ambacho wewe unakijua kuliko yeye. Mwambie kitu ambacho hawezi kukijua usipomwambia. Sentensi moja, mbili zikizidi, na uzifanyie mazoezi ukiwa nyumbani kwa sauti.

Yangu ilimhusu mama. Mama yangu alikuwa opereta wa simu Posta na Simu, Tanga, miaka ya sabini. Alikaa mbele ya ubao wa matundu na nyaya, visikizio masikioni, akiunganisha Tanga na Moshi, Moshi na Dar, na kujua siri za wafanyabiashara nusu ya mji. Alipokuja kunitembelea huku, nikamwekea Star Trek ile ya zamani. Hakujali masikio ya Spock wala bunduki za mwanga. Alimwona yule mwanamke mweusi ameshika sikio, amegeukia ubao wake, anatafuta laini. Akasema, "Kumbe kazi yetu hii wataendelea nayo mpaka huko." Basi nilisema hivyo mezani: mama yangu alikuwa opereta wa simu Afrika Mashariki, na alipokuona aliona kazi yake. Nichols aliinua kichwa. Msaidizi, ambaye tangu asubuhi alikuwa hamtazami mtu usoni, ndiye aliyeniuliza jina la mama.

Sikuwa na haja ya kusema zaidi.

Lingine ambalo wengi hawalifanyi ni kusoma habari za mtu mwenyewe kabla ya kwenda. Nenda ukijua alifanya nini kabla na baada ya nafasi iliyompa jina. Nichols alizaliwa 1932 Robbins, Illinois, kitongoji cha watu weusi nje ya Chicago, na alikuwa mwimbaji na mcheza dansi kwanza. Aliwahi kuimba na bendi za Duke Ellington na Lionel Hampton. Kisha kuna NASA, shirika la anga la Marekani, na hapa ndipo mimi humwona mkubwa kuliko Luteni. Kwa maelezo yake mwenyewe, mwaka 1975, kwenye kongamano la mashabiki Chicago, alikaa kumsikiliza Jesco von Puttkamer, mhandisi wa NASA, akizungumzia mustakabali wa safari za anga. Alivutiwa, lakini akajiuliza watu wake wako wapi katika mustakabali huo. Mwaka 1977 kampuni yake, Women in Motion, ikapewa mkataba na NASA wa kuwatafuta wanawake na watu wasio weupe waombe kazi ya uanaanga. Alizunguka vyuo, mikutano na studio za televisheni akiwahimiza.

Kundi la wanaanga wapya lililotangazwa 1978 lilikuwa na watu 35. Wanawake walikuwa sita, mmoja wao Sally Ride, Mmarekani wa kwanza wa kike kwenda angani, 1983. Humo alikuwemo pia Guion Bluford, Mmarekani mweusi wa kwanza kufika huko, mwaka ule ule. Walikuwemo Judith Resnik na Ronald McNair, ambao wote wawili walikufa kwenye ajali ya chombo cha anga Challenger 1986. Mtu aliyebeba historia hii amekaa mita moja mbele yako, nawe unamwuliza kitufe!

Ndiyo maana nasema, ukipata nafasi, ingia pia kwenye vyumba vidogo vya mihadhara ambako wanasayansi na wahandisi wanaongea na viti vitupu. Kongamano halina nyota wa televisheni peke yao, na tiketi ya mlangoni umeshailipia.

Ukumbi mkubwa nao usiukose. Kule mwigizaji hukaa jukwaani kama saa moja akijibu maswali, na hulipii chochote zaidi ya kiingilio. Utasikia hadithi alizozisimulia mara nyingi, usinune. Ile ya Nichols na Martin Luther King aliisimulia kwa miongo kadhaa: baada ya msimu wa kwanza aliamua kuacha ili arudi kwenye jukwaa la muziki, akamwambia Gene Roddenberry, mwanzilishi wa tamthilia, kisha, kwenye hafla ya NAACP, chama cha kutetea haki za Wamarekani weusi, akaletewa shabiki aliyetaka kumsalimia, naye alikuwa King. King akamsihi asiache, na Jumatatu Nichols akaiondoa barua yake ya kujiuzulu. Nilikuwa naijua neno kwa neno kabla sijaisikia. Bado, kuisikia kwa pumzi ya mwenyewe, na kumwona anasita pale pale anaposita siku zote, ni jambo jingine kabisa.

Kuhusu adabu nitakuwa mfupi. Usimkumbatie mtu ambaye hajafungua mikono. Usipige selfi mezani kama kuna kibao kinachokataza, na kwa kawaida kipo. Wamarekani weusi wa umri ule walipigania kuitwa kwa heshima, kwa hiyo yeye alikuwa wa kuitwa "Miss Nichols", si wa kurukiwa jina la kwanza. Mimi shikamoo ilinifika kwenye ulimi nikaimeza, japo sidhani kama ingemuudhi.

Lililo gumu zaidi ni afya. Hawa ni wazee. Nichols alipata kiharusi 2015, na bado Septemba mwaka huo alipanda SOFIA, ndege ya NASA yenye darubini. Mwaka 2018 ikatangazwa kwamba ana ugonjwa wa kusahau. Desemba 2021 aliwaaga mashabiki wake rasmi Los Angeles, kwenye L.A. Comic Con, na Mae Jemison, mwanamke mweusi wa kwanza kwenda angani, alikuwepo. Alifariki 30 Julai 2022, Silver City, New Mexico, akiwa na miaka 89.

Wapo wanaosema mzee mwenye hali hiyo hapaswi kuketishwa mezani kabisa. Wapo wanaosema kumfungia nyumbani mtu aliyeishi kwa kupigiwa makofi ni kumuua mapema. Mimi siko upande wowote kwa ujumla, naangalia mtu. Kama mezani unaona msaidizi anamjibia kila swali, kalamu inashikizwa mkononi, macho yamechoka, toka kwenye foleni. Fedha yako itapata kazi nyingine. Ukimwona amechangamka, anatania, anasahihisha herufi yake iliyopinda, basi kaa, mpe heshima yake na ujira wake.

Umri huo huo una upande wa mfuko wako. Wageni hughairi, kwa ugonjwa au kwa sababu wamepata kazi ya kupiga filamu. Kwa kawaida fedha ya picha uliyolipia hurudi, lakini ya kiingilio mara nyingi hairudi, na ya ndege na hoteli usiulize. Kwa hiyo usisafiri kwa ajili ya jina moja tu. Chagua kongamano lenye watu watatu au wanne unaowataka, au anza na lililo karibu na kwako linaloendeshwa na mashabiki wenyewe, kama Shore Leave, ambalo kwa miaka mingi lilifanyika Hunt Valley, nje kidogo ya Baltimore. Hayo ni madogo, bei zake zina huruma, na unaweza kujikuta unapanda ngazi na mgeni rasmi.

Beba fedha taslimu, maana mashine za kadi hukwama mtandao wa ukumbi ukielemewa. Picha za kusainiwa zipo mezani, lakini ukiwa na chako cha maana, kasha la kanda ya zamani kwa mfano, kibebe kwenye bahasha ngumu. Wino uachie muda ukauke kabla hujairudisha.

Na hakikisha ameandika jina la mtu. Wachuuzi huomba saini tupu kwa sababu ndiyo inayouzika. Yenye jina haina soko, na hilo ndilo unalolitaka. Kabla hujafika mezani msaidizi atakupa kikaratasi cha njano cha kunata, uandike jina kisha ukibandike juu ya picha ili mwigizaji anakili. Usimtamkie ukidhani atashika. Mama yangu anaitwa Mwanahamisi. Andika kwa herufi kubwa, zitenganishe, na kisome tena kabla hujakitoa.