Nifanye Niamini Kwanza

Miswada mingi ya mtindo wa usasaleo (postmodernism, uandishi unaomkumbusha msomaji kuwa anachosoma kimebuniwa) ninayopewa niisome huanza namna moja: mwandishi anajitokeza ukurasa wa kwanza na kutangaza kwamba yote haya kayatunga yeye. Haya, lakini hilo nililijua tangu nilipoona neno "riwaya" kwenye jalada. Jibu langu huwa lilelile: nifanye niamini kwanza, ndipo uivunje imani yangu.

Mfano ninaowapa ni wa John Fowles, The French Lieutenant's Woman, ya mwaka 1969. Kwa sura 12 anatusimulia Uingereza ya 1867 kama msimulizi ajuaye yote: pwani, mavazi, uchumba wa Charles na Ernestina, na yule Sarah asiyeeleweka. Sura ya 12 inaishia kwa kuuliza Sarah ni nani hasa. Ya 13 inajibu: sijui. Kisha anakiri kuwa watu hawa hawajapata kuishi popote ila kichwani mwake. Nilikasirika, nikafunga kitabu. Baadaye nikaona kwamba angeyasema hayo sura ya kwanza nisingejali hata kidogo. Hasira yangu ilikuwa imejengwa kwa sura zote zile.

Tena hakiri kwa ajili ya kujionyesha, ana hoja. Anadai alimwamuru Charles arudi moja kwa moja Lyme Regis, naye akakaidi, akashukia kwenye shamba la maziwa. Mhusika gani huyu wa kubuni anayemgomea aliyembuni? Mbele zaidi mwandishi mwenyewe anapanda behewa la Charles, anamkodolea macho akiwa usingizini, anarusha sarafu kuamua mwisho upi utangulie, halafu anatupatia yote miwili. (Ukihesabu na ule wa hadaa uliokuja mapema, ni mitatu.)

Nafsi ya pili ninaiogopa zaidi, maana inachosha upesi. Italo Calvino aliiweza mwaka 1979, katika riwaya yake If on a Winter's Night a Traveler: "wewe" msomaji ndiye mhusika, unakimbizana na kitabu kinachokukatikia mikononi. Mianzo 10 ya riwaya, na hakuna unaofika mwisho. Kila mmoja unanasa kwelikweli, ndiyo maana ukikatwa unauma. Mianzo mibovu haikatishi mtu hamu, kwa kuwa hamu yenyewe haipo. Basi kabla ya kukata, andika ukurasa mmoja zaidi ya ulipokusudia uone kama unatamani kuendelea. Usipotamani, hata sisi hatutatamani.

Na tanbihi za kubuni? Vladimir Nabokov, katika riwaya yake Pale Fire ya 1962, anatupatia shairi la mistari 999 na mfafanuzi, Kinbote, anayeliteka shairi la mwenzake ili asimulie habari za mfalme mtoro. Tanbihi zake zina uchu. Zako zisome peke yake, bila matini. Kama mhusika anayeziandika hataki kitu chochote, zifute, bakiza hadithi.