Watu wanajua, ila hakuna anayetaka kuwa wa kwanza

Mkuu, umeuliza kwa nini kampeni za mazingira zinapita na watu wanabaki vilevile, na wengi humu wamekujibu "elimu ndogo". Mimi nimekaa kwenye kamati ya mazingira ya mtaa, bonde la Msimbazi hapa Dar, na hilo nalikataa. Anayemwaga kiroba cha taka mtaroni mvua ikichanganya anajua fika anachofanya, ndiyo maana kaisubiri mvua. Wanaotapisha vyoo ni hivyohivyo. Uchafu unakwenda "huko chini", na huko chini ni Jangwani, kuna watu, ila si ndugu zake. Wa Jangwani naye anaona mzigo wote umeshuka kutoka juu, sasa kiroba chake kimoja kitaongeza nini?

Kutisha watu nako hakusaidii sana. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40, waathirika wakapelekwa Mabwepande, pembezoni mwa jiji, na bado wapo waliorudi bondeni. Mtu anayedaiwa kodi na ada ya mtoto hana pa kuweka hofu nyingine. Ukizidisha, anakwambia ni kazi ya Mungu.

Halafu kuna mazoea. Wazee wanasimulia kuoga mtoni, vijana wanacheka; kwao maji meusi ndiyo Msimbazi yenyewe. Daniel Pauly, mtaalamu wa samaki, aliliandika hili mwaka 1995: kila kizazi kinachukua hali kilichoikuta kuwa ndiyo kipimo.

Lakini kubwa kuliko yote, kwa nilivyoona, ni kuogopa macho ya jirani. Mama mmoja alianza kuzoa taka mtaroni, nje ya kwake na nje ya wenzake. Akaulizwa, "Kwani unalipwa?" Mwingine akambandika jina la "mjumbe". Wiki hazikupita nyingi akarudi kufagia mlangoni pake tu. Cha ajabu, waliomcheka walikuwa wananifuata mmoja mmoja, jioni, kulalamikia huo huo mtaro! Kila mtu anakerwa, na kila mtu anaamini amekerwa peke yake.

Angalia mifuko ya plastiki, hii ya rambo, ilivyopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019. Watu walibeba vikapu bila kubishana, sidhani kama mioyo ilibadilika usiku mmoja. Sote tulianza siku moja, hakuna aliyeonekana mjinga.

Kwetu kilichosogeza mambo ni kuzikalisha nyumba zinazotumia mtaro mmoja, kila mmoja akasema kinachomkera wenzake wakisikia. Hapo hapo tukapanga siku ya guta la kuzoa taka kupita, kabla ya masika, ili pasiwe na viroba vya kungojea mvua. Mtaro unapitisha maji. Ada ya guta hawalipi wote, na mwenye guta anatudai mpaka leo.