Jeni ya rev katika virusi vya mbuzi ina kazi gani?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninafuga mbuzi wa maziwa huko Mgeta, Morogoro. Katika mafunzo tuliambiwa kwamba kuna virusi vinavyovimbisha magoti ya mbuzi, ambavyo ni vya jamii moja na VVU, na kwamba vikikosa jeni moja ndogo iitwayo rev haviwezi kuzaliana. Jeni moja inapataje nguvu hiyo, na mbona hakuna dawa ya kuizuia? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, mliyoambiwa ni kweli. Virusi hivyo, ambavyo wataalamu huviita CAEV, ni lentivirusi, yaani kundi la virusi ambamo VVU pia vimo, na ndugu zao wa karibu ni virusi vya visna vya kondoo vilivyoingia Iceland pamoja na kondoo wa Karakul walioletwa kutoka Ujerumani mwaka 1933.

Vikishaingia katika makrofaji, ambazo ni seli za kinga zinazokaa ndani ya viungo vya mwili, virusi hivi hugeuza RNA yao, yaani molekuli inayobeba maelekezo yao ya urithi, kuwa DNA na kuipachika katika DNA ya mbuzi mwenyewe. Tangu hapo seli huinakili kama inavyonakili jeni zake, na kila nakala ni RNA moja ndefu yenye herufi zipatazo elfu tisa. Tatizo ni kwamba seli ina kawaida ya kukata vipande fulani vya RNA na kuunga vinavyobaki kabla ya kuitoa kwenye kiini cha seli, mahali DNA inapokaa, na RNA ambayo haijakatwa huzuiliwa humo. Kiini kina masharti kama bandari: mzigo usiokamilisha makaratasi hautoki. Virusi, kwa upande wao, vinahitaji RNA nzima, kwa sababu ndiyo inayofungashwa ndani ya virusi vipya na ndiyo inayobeba maelekezo ya kutengeneza protini za sehemu ya ndani ya virusi pamoja na vimeng'enya vyao. Protini za ganda la nje nazo hutokana na RNA iliyokatwa nusu tu, ambayo pia huzuiliwa.

Hapo ndipo rev inapohitajika. Mwanzoni hutoka RNA fupi zilizokatwa kikamilifu, na mojawapo hutengeneza protini ya Rev. Protini hiyo hurudi ndani ya kiini, hutafuta sehemu maalumu iliyojikunja kwenye RNA ndefu, na molekuli zake kadhaa hujipanga juu yake. Kisha hushikana na Crm1, protini ya seli yenyewe inayosafirisha mizigo, na RNA hupita bila kukatwa. Kwa kuwa molekuli moja ya Rev haitoshi, uzalishaji wa virusi husubiri mpaka Rev iwe imerundikana. Kwa hiyo jeni hii, ingawa haijengi sehemu yoyote ya mwili wa virusi, ndiyo inayoamua virusi vipya vianze kutengenezwa lini.

Si kila jeni iliyodhaniwa kuwa ya udhibiti ina uzito huo. Jeni ya tat, ambayo katika VVU haikwepeki, iliharibiwa kwa makusudi katika CAEV, na mwaka 1995 watafiti waliripoti kuwa virusi viliendelea kuzaliana vizuri katika seli na hata katika mbuzi. Kwa maoni yangu, tunapaswa kuwa waangalifu tunapohamisha maarifa ya VVU kwenda kwa mifugo.

Kuhusu dawa, ugumu ni kwamba Rev hutumia njia za seli yenyewe. Kemikali iitwayo leptomisini B huifunga Crm1 na hivyo kuizuia Rev, lakini inazuia pia protini nyingi za mbuzi zinazopita njia hiyo hiyo, nayo ni sumu. Zaidi ya hayo, hata Rev ikizuiliwa kabisa, DNA ya virusi hubaki imepachikwa katika seli maisha yote ya mnyama.

Virusi hivi havimwambukizi binadamu. Njia yao kuu ya kuenea ni dang'a na maziwa kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto, basi mtenge mwanambuzi mara anapozaliwa, kabla hajanyonya, na umpe dang'a iliyopashwa joto la nyuzi 56 za Selsiasi kwa saa nzima. Usiichemshe, maana itaganda. Mbuzi wengi walioambukizwa hawaoneshi dalili yoyote, kwa hiyo mwombe afisa mifugo apime damu ya kila mbuzi mpya kabla hujamchanganya na wengine.