Ukurasa wa Wikipedia hauna mlinzi wa kulipwa

Swali: Shikamoo Mwalimu. Babu yangu alikuwa mmoja wa waasisi wa kikundi cha taarabu kilichotamba hapa Temeke miaka ya tisini. Niliandika makala yake kwenye Wikipedia ya Kiswahili, kesho yake nikakuta imefutwa. Kuna kaka mmoja ana steshenari Kariakoo, anasema anawajua wenye Wikipedia. Nimpe laki tatu airudishe, halafu elfu hamsini kila mwezi ya kuilinda isifutwe tena. Nimeshampa elfu themanini ya kuanzia. Je, nimalizie? Na mgeni kama mimi anaanzaje kuhariri mwenyewe? *Msomaji, Mbagala.*

Jibu: Marahaba, mwanangu. Usimalizie. Hata mia usiongeze.

Barua kama yako nazipokea kila mara, na karibu zote zina huyo kaka anayewajua wenye Wikipedia. Hao wenyewe ni akina nani? Mitambo inaendeshwa na Wikimedia Foundation, taasisi isiyotafuta faida yenye makao San Francisco, Marekani, nayo haikai kuamua makala ipi ya taarabu ibaki na ipi iondoke. Makala zinaandikwa na kuchungwa na watu wa kujitolea. Kwenye Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, wachache kati yao wamekubaliwa na wenzao kuwa wakabidhi. Hao ndio wanaoweza kufuta ukurasa, kuurudisha, au kumzuia mharibifu. Kazi hiyo haina mshahara na haina bei ya kupangwa Kariakoo. Anayekutoza ili makala yako "ilindwe" ni sawa na anayekukodisha benchi la bustani ya Mnazi Mmoja.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba anakuuzia siri mahali pasipo na siri. Fungua tena anwani ya ile makala iliyofutwa. Utaona maelezo mafupi: nani amefuta, saa ngapi, kwa sababu gani. Maandishi yenyewe hayajateketea, wakabidhi bado wanayaona. Nenda kwenye ukurasa wa majadiliano wa huyo aliyefuta, jitambulishe, omba akurudishie nakala uirekebishe. Maliza ujumbe kwa alama nne za ~~~~, sahihi yako na tarehe vitajitokeza vyenyewe. Hilo ndilo jambo unalotaka kulilipia laki tatu.

Tena ulaghai huu si mpya wala haukuzaliwa Kariakoo. Agosti 2015 wahariri wa Wikipedia ya Kiingereza waligundua mtandao walioupa jina Orangemoody, wakafunga akaunti 381. Mbinu yao ilikuwa hii: wanatafuta makala zilizokataliwa, wanamfuata mhusika, wanamwambia kwa malipo itapita, kisha wanamdai kila mwezi ili isifutwe. Linganisha na uliyoambiwa wewe. Makala zaidi ya 200 walizoziweka zilifutwa, na waliolipa wakabaki mikono mitupu.

Sasa tuje kwenye makala yako. Ulininakilia mwanzo wake: "Kikundi bora kuliko vyote Temeke, kilichokonga nyoyo za maelfu." Mwanangu, hiyo ni kauli ya mshereheshaji ukumbini. Nani alisema ni bora? Maelfu hao walihesabiwa wapi? Hukuweka chanzo hata kimoja, na tatizo lote la makala yako liko hapo. Watu wengi wanadhani makala inafutwa kwa sababu mwandishi ni mgeni, au hana mtu wa kumshika mkono. Makala inafutwa kwa sababu msomaji wa Songea au Mombasa hana pa kwenda kuhakikisha kilichoandikwa. Ungekuwa na akaunti ya miaka kumi, sentensi hiyo ingeondolewa vilevile.

Dawa yake ipo Barabara ya Bibi Titi Mohamed, Maktaba Kuu ya Taifa. Kaulizie magazeti ya miaka ya tisini. Wakati huo ushindani wa vikundi vya TOT na Muungano ulikuwa umeiteka Dar es Salaam na mipasho ilikuwa habari, kwa hiyo waandishi walikuwa wakiifuatilia taarabu. Kama kikundi cha babu kilitamba kweli, yumkini kuna mahali kiliandikwa: onyesho fulani, ukumbi fulani, tarehe fulani. Nakili jina la gazeti, tarehe, ukurasa, kichwa cha habari na jina la mwandishi. Kumbukumbu za bibi yako ni hazina, mrekodi angali na nguvu, lakini haziwezi kuwa chanzo mpaka zichapishwe mahali ambapo mwingine anaweza kuzisoma. Na usipopata kitu, basi kwa sasa kikundi hicho hakina makala. Najua inauma. Hata hivyo kuna kazi ya kufanya kabla ya Wikipedia, nayo ni kumshawishi mwandishi wa habari au mtafiti wa muziki akiandike.

Ukipata vyanzo, andika kwa ubaridi. Kikundi kilianzishwa wapi, mwaka gani, na nani, kilirekodi nini. Mara baada ya kila dai muhimu weka alama ya <ref>, taja gazeti lako, funga kwa </ref>. Jina la kitu chenye makala yake lizungushie mabano mraba mawili kila upande, hivi: [[Temeke]]. Jina likiwa na rangi ya buluu, ukurasa upo. Likiwa jekundu, bado haujaandikwa. Usinakili maneno ya gazeti yalivyo, hiyo ni haki ya mwenyewe. Soma, elewa, sema kwa maneno yako. Na kwa kuwa unaandika habari za babu yako, liseme hilo wazi kwenye ukurasa wa Majadiliano na uwaombe wengine wapitie. Bora zaidi, weka vyanzo vyako pale na umwachie mtu asiye wa familia aandike.

Ila usianzie hapo. Mgeni anayeanza na makala ya nduguye anaanza na mlima. Fungua akaunti, kisha tafuta ukurasa wa kata yako. Makala nyingi za kata zetu ni mbegu, yaani sentensi mbili tatu tu, na nyingine zimebaki na idadi ya watu ya sensa za zamani. Chukua ripoti ya Sensa ya 2022 ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu, bonyeza Hariri, badilisha takwimu, taja ripoti. Kwenye kisanduku cha muhtasari andika ulichofanya: "nimeweka idadi ya watu ya sensa ya 2022". Angalia hakikisho kwanza, yaani ukurasa utakavyoonekana, ndipo uhifadhi. Ukikuta ukurasa wowote bado unasema Mkoa wa Dar es Salaam una wilaya tatu, rekebisha. Ubungo na Kigamboni zilishaongezeka, sasa ni tano.

Baada ya hapo fungua Historia ya ukurasa huo. Utajiona kwenye mstari wa juu: saa, jina lako, baiti zilizoongezeka kwa kijani au zilizopungua kwa nyekundu, na ule muhtasari wako. Chini yako wamejipanga wote waliokutangulia. Chagua mistari miwili, linganisha, uone neno kwa neno nani aliongeza nini. Ukikosea, mtu atarudisha toleo la nyuma kwa kubonyeza mara chache tu, na wewe unaweza kufanya hivyo hivyo. Ndiyo maana nasema hakuna wa kukulindia. Makala ikishahifadhiwa ni ya wote. Mtu wa Tanga ataigusa, wa Nairobi ataigusa, na umeshaipa leseni ya kuwaruhusu. Kinachoizuia isifutwe ni vyanzo vilivyomo ndani yake.

Hili nalisema pia kwa wasanii, wenye kampuni na wanasiasa wa mji huu, kwa maana wanaliwa fedha kuliko wewe. Wanaambiwa wakiwa na ukurasa watapata tiki ya buluu, watapanda juu Google, mabenki yatawaamini. Viungo vya nje vilivyomo Wikipedia, yaani vinavyoelekeza kwenye tovuti nyingine kama yako, vimewekewa alama inayoziambia injini za utafutaji zisivihesabu. Na ukurasa ukiandikwa ukadumu, hautabaki kuwa tangazo lako. Kesi iliyoripotiwa gazetini, deni, ugomvi wa uchaguzi, vyote vyenye chanzo vitaingia, na huyo uliyemlipa hana uwezo wa kuvitoa. Wapo wanaotafsiri makala kwa mashine na kuzimwaga kumi kwa siku ili waonekane wana mchango mkubwa kabla ya kuuza huduma zao. Kiswahili chake hakisomeki, na wanaojitolea ndio wanaobaki kufagia usiku. Nauchukia wizi huu mara mbili: wanamwibia mteja, na wanaichafua kamusi elezo ambayo mwanafunzi wa Mbagala anaitumia kufanyia kazi ya shule.

Kuandika kwa malipo kwenyewe hakujakatazwa. Tangu Juni 2014 masharti ya matumizi ya Wikimedia yanamtaka anayelipwa ataje wazi amelipwa na nani na kwa niaba ya nani. Kwa hiyo kabla hujadai elfu themanini zako, muulize huyo kaka jina lake la mtumiaji kwenye Wikipedia. Ukilipata, fungua ukurasa wake wa mtumiaji uone kama ametaja wateja wake, kisha bonyeza Michango, utaona kila alichowahi kuhariri tangu afungue akaunti. Akikataa kulitaja, zitunze meseji zake na risiti ya muamala wa simu, uende navyo kituo cha polisi.