Usizitoe zile soksi

Mwanangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Barua yako nimeisoma mara tatu. Unasema tangu mimba itoke watoto hawaachi kuuliza mdogo wao kaenda wapi, na yule mkubwa ameficha soksi za mtoto chini ya mto wake. Unataka kujua kama ni sawa kuwaambia amekuwa malaika.

Mimi nakumbuka nilichokuambia wewe mwaka 1989. Ulikuwa na miaka sita, na kila jioni ulikuwa unaliamkia tumbo langu shikamoo, maana ulishaamua aliyemo ni mkubwa wako. Niliporudi mikono mitupu ukauliza mtoto yuko wapi. Nikasema amebaki hospitali, ataletwa. Kumbe bibi yako alikwisha mzika mgombani alfajiri, na masale akapanda juu ya kaburi. Wewe ukawa unamwekea nusu ya andazi lako dirishani. Asubuhi nakuta sisimizi, nafuta, jioni unaweka tena. Ulifanya hivyo mpaka karibu na Krismasi. Siku moja ukalila andazi lote ukiwa umenigeuzia mgongo, hukusema neno. Mwanangu, mgongo ule bado nauona.

Ndiyo maana nasema kila siku, na nyumbani mmechoka kunisikia: mtoto ukimdanganya hasahau, husubiri.

Sasa hilo la malaika. Kwa Kiswahili chetu kila kichanga ni malaika, hata yule anayelia usiku kucha, na sioni ubaya. Lakini Kanisa linafundisha kwamba malaika ni roho tupu, waliumbwa hivyo, hawakuwahi kuwa na mwili. Binadamu akifa anabaki binadamu, na siku ya ufufuko mwili wake anarudishiwa. Bwana wetu alisema watakaofufuka watakuwa kama malaika, alisema kama. Mwanao alikuwa na vidole. Kumwita malaika si ni kumnyang'anya vidole vyake? Halafu najijibu mwenyewe: mtoto wa miaka minne anayesinzia utamweleza ufufuko? Akisema malaika, mwache alale. Ila huyo mkubwa anajiandaa kwa Komunyo ya kwanza, huyo anaweza kubeba neno zito zaidi. Sijui. Nikisema hivi, moyo unasema vile.

Kilichonichoma zaidi mwaka ule hakikuwa hata andazi. Katekista mmoja aliniambia nje ya kanisa, watu wakipita, kwamba mtoto asiyebatizwa anakwenda limbo, mahali asipoona uso wa Mungu. Nilibeba neno lile miaka 18. Ndipo mwaka 2007 paroko akatueleza jumuiyani kwamba Tume ya Kimataifa ya Teolojia imetoa hati, Papa Benedikto wa 16 akiridhia itolewe, inayosema tuna sababu nzito za kutumaini kwamba watoto hawa wanaokolewa, na kwamba limbo haijawahi kuwa fundisho la imani. Tena Katekisimu ya mwaka 1992 ilikwisha sema, namba 1261, kwamba Kanisa linawakabidhi kwa huruma ya Mungu, kwa yule aliyesema waacheni watoto waje kwangu. Kumbe lilikuwa limeandikwa na mimi naendelea kulia! Siku ile nilirudi nyumbani kwa miguu, sikutaka kupanda gari, nikapitia kwenye masale nikamwambia.

Ona lakini, hati inasema kutumaini, haisemi tunajua. Nawe usiwaambie watoto zaidi ya hapo. Waambie amekufa. Tumia neno hilohilo, usiseme amesafiri wala amelala, wataogopa safari na usingizi. Waambie Mungu aliyemuumba hajampoteza. Wakiuliza anakula nini huko, sema hujui.

Je, uwakataze kabisa neno malaika? Ulimi unaniwasha, na baba yako ameniambia nisikuamulie, watoto ni wako. Basi sisemi. Umeshaona ninakoelekea.

Mkija Desemba nitawapeleka mgombani, wote wawili, nikuonyeshe na wewe, maana hujawahi kuniuliza ni wapi na mimi sijawahi kukuambia. Ila zile soksi usizitoe chini ya mto. Hata ukitandika, zirudishe palepale.

Mama yako