Ukitaka kupanda mizabibu kusini mwa Uingereza, anza na ardhi

Wanaonijia kwa ushauri huanza kuniuliza aina ya zabibu. Mimi huwauliza: shamba lako likoje alfajiri ya mwisho wa Aprili?

Najua kinachowavuta. Shamba la Nyetimber, Sussex Magharibi, walipanda zabibu za Chardonnay, Pinot Noir na Pinot Meunier mwaka 1988, na divai zao za mapovu zikawashangaza wengi. Mwaka 2015 Taittinger, kampuni ya divai ya Champagne huko Ufaransa, ikanunua ardhi Kent, kusini-mashariki mwa Uingereza. Hali ya hewa imepata joto, na udongo wa chokaa wa huko unafanana na wa Champagne.

Lakini jalidi, umande unaoganda usiku wa baridi, haijaondoka. Machipukizi yakishafunguka, usiku mmoja unaweza kuondoka na mavuno ya mwaka mzima, kama ilivyowakuta wakulima wengi Aprili 2017. Nimekesha kati ya mistari nikiwasha makopo ya nta ili kupasha hewa joto, na nikaona jinsi mita chache za mteremko zinavyotenganisha mche uliopona na ule ambao machipukizi yake yamekufa. Hewa baridi ni nzito: hushuka na kutuama bondeni, au nyuma ya ua uliosongamana. Kwa hiyo kabla ya kulipia ardhi, nenda ukaitembee asubuhi baada ya usiku usio na mawingu, uone weupe umelala wapi. Tafuta mteremko unaotazama kusini, usio juu sana. Panda miti ya kukinga upepo, maana maua ya Juni yakipigwa na upepo wa mvua na baridi hayashiki tunda, ila chini kabisa acha mwanya ili hewa baridi ipate pa kutokea.

Aina za zabibu? Hizo tatu za Nyetimber zinafaa kwa mapovu, kwa kuwa uchachu wao mkali ndio unaotakiwa. Tatizo ni fedha. Utangoja kama miaka mitatu upate zabibu, kisha divai ilale miaka mingine chupani pamoja na hamira yake. Ndiyo maana nasisitiza sehemu ya shamba iwe Bacchus: huwahi kuiva, na divai yake tulivu, isiyo na mapovu, huuzika mwaka unaofuata mavuno.

Na hesabu zako usizijenge juu ya neema ya mavuno ya 2018. Zijenge juu ya 2012, mwaka ambao Nyetimber wenyewe hawakutengeneza hata chupa moja, kwa kuwa zabibu hazikufikia kiwango chao. Kama akiba yako haiwezi kubeba mwaka wa namna hiyo, punguza ekari sasa, kabla hujaagiza miche.