Nimeambiwa nijaze chati ya usiku uliopita. Nifanye nini?

SWALI: Shikamoo sista. Mimi ni mkunga, naishi Mbagala, huu ni mwaka wangu wa tatu kazini. Juzi nilikuwa zamu ya usiku wodi ya wazazi, mimi na mhudumu mmoja, akina mama kumi na wanne. Mmoja alikuwa na kifafa cha mimba na alishapewa dozi ya kwanza ya magneziamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege. Kabla ya saa nane usiku nilimpigia daktari wa zamu, akasema niendelee na gramu 5 za msuli, yaani sindano ya kwenye msuli. Nilihesabu pumzi, zilikuwa 18, na goti liliruka nilipoligonga. Mkojo sikupima, nilikuwa nimeitwa kwa mama mwingine anayejifungua. Ilipofika saa tisa na nusu pumzi zilishuka hadi 10 na goti likawa halijibu. Nilimpa kalsiamu glukoneti ya kupunguza nguvu ya magneziamu, daktari akaja, na mama anaendelea vizuri pamoja na mtoto. Tatizo ni kwamba kwenye chati sikuandika chochote cha saa nane. Inchaji, msimamizi wa wodi yetu, ananiambia nijaze vipimo vyote vitatu, mkojo niweke ml 150, ili faili likae sawa. Daktari naye anasema hakumbuki kuniagiza. Nimepiga picha kurasa za faili kwa simu yangu ili nijilinde. Je, nikijaza nitakuwa nimevunja sheria?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Pole sana, na kabla ya yote nikupongeze: uliiona hali ikibadilika, ukatoa kalsiamu, ukaita msaada. Mama yule yu hai kwa sababu ulirudi kitandani kwake saa tisa na nusu.

Sasa swali lako. Usiandike hiyo ml 150. Pumzi 18 na goti unaweza kuviandika hata leo, kwa sababu ulivipima. Mkojo hukupima, kwa hiyo namba yake haipo, na hakuna mtu hospitalini hapo anayeweza kuitengeneza.

Watu wengi wataanza kukutisha na sheria, nami nitafika huko. Lakini sababu ya kwanza ni mama mwenyewe. Magneziamu hutolewa mwilini na figo kupitia mkojo. Ndiyo maana kabla ya kila dozi ya kuendeleza tunaangalia mambo matatu: pumzi zisipungue 16 kwa dakika, goti lijibu, na mkojo usipungue ml 30 kwa saa katika saa nne zilizopita. Mkojo ukipungua, dawa inabaki mwilini. Goti ndilo linalonyamaza kwanza, kisha pumzi zinafuata. Kilichompata mgonjwa wako kinafanana sana na mtu ambaye figo zake zilikuwa zimechoka. Sasa fikiria daktari wa asubuhi anafungua faili na kukuta ml 150. Atasema figo ziko salama, ataanza kutafuta sababu kwingine. Hiyo namba ya uongo itakuwa imemtibu mgonjwa, na itakuwa imemtibu vibaya.

Kwa upande wa sheria, leseni yako iko chini ya Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, na Baraza la Uuguzi na Ukunga lina mamlaka ya kumchukulia hatua muuguzi au mkunga anayekiuka maadili, hadi kumwondoa kwenye usajili. Kutopima mkojo ukiwa mkunga peke yako na akina mama kumi na wanne, mmoja anajifungua, ni upungufu unaoelezeka. Watu wazima wenye taaluma watakaa, watasikiliza, wataona mazingira. Kuandika kipimo ambacho hakikufanyika ni jambo la aina nyingine kabisa. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inaita kughushi kutengeneza hati ya uongo kwa nia ya kulaghai au kudanganya. Hapo utakuwa umetoka kwenye kosa la kazi na kuingia kwenye kosa la jinai kwa mkono wako mwenyewe, na aliyekuambia ujaze hatakuwa na saini yake kwenye ukurasa huo.

Tena usidhani jambo likipita wiki hii limekwisha. Madai ya uzembe yanaweza kufunguliwa mahakamani hadi miaka 3 baadaye. Siku hiyo hutakumbuka hata sura ya mama yule. Litakalozungumza ni faili. Na kama hospitali yenu inatumia mfumo wa kompyuta, kumbuka kwamba mifumo hiyo huhifadhi jina la aliyeingia na saa aliyoandika, kwa hiyo maandishi ya saa tatu asubuhi hayawezi kugeuka kuwa ya saa nane usiku.

Kuandika kwa kuchelewa kunaruhusiwa, mradi useme umechelewa. Usijibane kwenye nafasi tupu ya saa nane. Nenda kwenye mstari unaofuata, andika tarehe na saa ya sasa hivi, kisha maneno kama haya: “Maelezo ya kuchelewa. Tarehe fulani saa 02:00, kabla ya dozi: pumzi 18, goti linajibu. Mkojo haukupimwa. Dozi gramu 5 za msuli kwa maagizo ya simu ya daktari wa zamu, saa 01:50.” Jina, cheo, saini. Kama kuna ulichoandika kimakosa, kipige mstari mmoja kinachosomeka, weka saini na tarehe. Usifute kwa wino mweupe, usichane karatasi.

Umeona nimeandika 02:00, sikuandika saa nane. Hili naomba wakunga wote walishike. Mdomoni tunasema saa nane, kwenye chati tunaandika kwa saa 24. Nimewahi kukuta dozi iliyoagizwa “saa kumi” kwa simu, mmoja akaelewa alfajiri, mwingine akasoma 10:00 asubuhi, na mgonjwa akakosa dawa kwa saa sita. Daktari akitaja saa kwa mdomo, mrudishie: “Saa kumi alfajiri, yaani 04:00?”

Kuhusu daktari asiyekumbuka: usigombane naye. Andika ulichosikia, nani alikisema na saa ngapi. Kumbukumbu za simu yako zitaonyesha kwamba mlizungumza, ingawa hazionyeshi mliyozungumza. Mhudumu kama alisikia, aandike maelezo yake mwenyewe, kwa mwandiko wake. Siku nyingine, ukipokea maagizo ya simu, mrudie daktari dawa, kipimo na njia ya kutoa, andika palepale, na asubuhi mpelekee faili asaini kabla hajaondoka. Na elewa hili, mdogo wangu: hata angesaini, aliyeshika sindano ni wewe. Mkunga ana haki, na ana wajibu, wa kuchelewesha dozi kama vipimo havijakamilika, na kuandika sababu.

Picha ulizopiga zinanitia wasiwasi kuliko chati. Taarifa za afya ya mtu zimo katika zile ambazo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazipa ulinzi wa pekee, na sasa ziko kwenye simu unayopanda nayo daladala. Usimtumie mtu yeyote, hata mimi. Usiziweke kwenye kundi la WhatsApp la wauguzi kuomba ushauri. Zifute. Cha kukulinda ni fomu ya taarifa ya tukio: ijaze, taja idadi ya wagonjwa na watumishi wa zamu ile, ikabidhi kwa muuguzi mfawidhi wa hospitali, na uombe nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Kama inchaji ataendelea kukushinikiza, mwombe kwa heshima akuandikie maagizo hayo. Ukiitwa kuhojiwa, nenda na mwakilishi wako wa chama cha wafanyakazi. Kama ni mwanachama wa TUGHE, chama cha wafanyakazi wa serikali na afya, au wa Chama cha Wauguzi Tanzania, uliza nani anaweza kukusindikiza. Usisaini maelezo yaliyochapwa na mtu mwingine.

Mama naye anastahili kuambiwa kwamba usiku ule dawa ilimzidi na akapewa ya kuipunguza. Kumweleza ni kazi ya daktari pamoja na inchaji, lakini akikuuliza wewe usimwambie “ulikuwa umesinzia tu.”

Na kama bado yupo wodini, kabla hujaenda kuandika chochote, uliza leo kama mkojo wake unapimwa na kama damu ya kuangalia figo imechukuliwa.